Farasi Wako Si Mkorofi, Tandiko Ndilo Linalomuumiza

"Dada yangu, mwaka jana nilichukua farasi aliyestaafu mbio za Ngong. Ni dume aliyehasiwa, mrefu, mabega yamechongoka kwa juu na nyuma yake pamebonyea. Matandiko yote niliyoazima yanamkataa. Moja linagusa mfupa wa juu, jingine linarudi nyuma, jingine linayumba. Nikifunga mshipi wa tumbo analaza masikio na kutaka kuniuma. Mwalimu mmoja ameniambia niongeze blanketi la pili. Watu wa bandani wanasema ni mkorofi, nimuuze. Nampenda, lakini nimechoka. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, umefanya vyema kuniandikia kabla ya kumuuza. Nakujibu wewe, ila najua shida hii ni ya wengi, kuanzia wenye farasi wa kuonyeshea ustadi kule Karen hadi vijana wanaotembeza watoto na watalii ufukweni. Kwa hiyo nawaomba msome wote.

La kwanza: blanketi la pili liache. La pili: jina la mkorofi mvue. Farasi hana namna ya kusema "hapa panauma" isipokuwa kwa masikio, meno, mkia na miguu, na wako amekuwa akisema kwa vyote hivyo. Mwaka 2018 daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za kuangaliwa farasi akiwa amepandwa: masikio kulazwa nyuma, mdomo kufunguka mara kwa mara, mkia kupigwapigwa, kichwa kutikiswa, hatua kuharakishwa au kugomewa, na kadhalika. Walichokiona ni kwamba farasi mwenye tabia 8 au zaidi kati ya hizo kuna uwezekano mkubwa kuwa ana maumivu. Orodha ya namna hiyo inatusaidia kuacha kubishana kuhusu tabia ya farasi na kuanza kuutafuta mwili unapouma.

Tandiko si sababu pekee, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo kwanza. Amkague meno, miguu, kwato na mgongo. Msisitizo wangu ni kwenye miguu ya nyuma. Dyson huyo huyo na mwenzake Line Greve walichunguza farasi ambao matandiko yao yalikuwa yanateleza upande mmoja kila mara, wakagundua kwamba mara nyingi chanzo kilikuwa ni kuchechemea kwa mguu wa nyuma, tena kuchechemea kudogo ambako jicho la kawaida halikuoni. Maumivu ya mguu yalipozimwa kwa sindano ya ganzi, tandiko liliacha kuteleza. Fikiria basi mtu anayebadilisha matandiko mwaka mzima kumbe mgonjwa ni mguu. Pesa ya daktari ni nafuu kuliko ya tandiko la tatu.

Anza kwa mkono kabla ya kwenda dukani

Daktari akishasema sawa, rudi bandani umwombe saisi wako akae nawe nusu saa. Farasi asimame mahali tambarare, miguu minne ikiwa chini yake vizuri, kichwa kikiwa katika hali ya kawaida, si juu wala chini malishoni. Weka ncha za vidole pembeni mwa uti wa mgongo, zivute taratibu kutoka mabegani hadi kiunoni kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Usichome kwa kidole, maana hata farasi mzima atashtuka. Unachotafuta ni pale ngozi inapotetemeka, mgongo unapozama, sikio linapogeuka nyuma, au msuli unapokuwa mgumu upande mmoja na laini upande wa pili. Pita tena upande mwingine. Kisha mulika kwa macho: kuna nywele nyeupe mahali ambapo hazikuwepo? Kuna nywele zilizokatika? Kuna uvimbe baada ya kazi? Nywele nyeupe huota pale ambapo shinikizo liliumiza mizizi ya nywele, na hubaki hata baada ya chanzo kuondoka. Kwa hiyo zikiwepo, muulize saisi zilianza lini. Huenda ni za tandiko la zamani, huenda ni za hili la sasa.

Sasa litafute bega. Mwambie saisi ainue mguu wa mbele na auvute mbele polepole, wewe ukiwa umeweka kiganja nyuma ya mfupa mpana wa bega. Utausikia ukingo wa juu wa mfupa ukirudi nyuma na kuingia chini ya kiganja chako. Rudieni mara kadhaa hadi mkono wako uzoee. Mwendo huo hutokea kwa kila hatua anayopiga farasi, siku nzima. Tandiko likikaa juu ya njia hiyo, ncha za kiunzi, lile umbo gumu la ndani ya tandiko, zinagongwa na mfupa kwa kila hatua. Farasi atafupisha mwendo, atakataa kuteremka mlima, atayumba kwenye kona, na wewe utaambiwa ni mvivu.

Kisha tafuta mpaka wa nyuma. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Bonyeza ubavuni karibu na kiuno hadi upate ubavu wa mwisho, halafu ufuate kwa vidole ukipanda juu kuelekea mgongoni. Pale unapokutana na msuli mnene wa mgongo ndipo tandiko linapotakiwa liwe limeishia, au kabla yake. Nyuma ya hapo hakuna mbavu za kubeba uzito, na kiuno kikibebeshwa huuma. Eneo la kubebea, basi, ni kati ya ukingo wa bega na ubavu wa mwisho. Kwa farasi mwenye mgongo mfupi eneo hilo ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na huwezi kulirefusha kwa kuwa umependa tandiko la kiti kikubwa.

Kwa nini farasi wa mbio ni mgumu kutandikwa

Wengi wa farasi wa Ngong ni wa asili ya Thoroughbred. Kilele cha mabega yao ni kirefu na kimesimama, mbavu si za mviringo, na mgongo una urefu wa wastani. Farasi kama wako akiwa mazoezini misuli huwepo, lakini akistaafu na kupumzika, misuli ya nyuma ya mabega hupungua, na pale panabaki shimo pande zote mbili. Zaidi ya hapo, alizoea tandiko dogo jepesi la mbio na mpanda aliyesimama kwenye vikuku. Ghafla anabebeshwa tandiko zito na mtu aliyeketi. Mwili wake haujajengwa kwa kazi hiyo bado.

Hapa ndipo ushauri wangu unapotofautiana na wa wauzaji: usinunue tandiko la gharama katika miezi ya mwanzo. Umbo lake litabadilika. Akila vizuri na kutembezwa kwa mkono kwenye miteremko, akizungushwa kwa kamba ndefu bila mtu mgongoni, akifundishwa kushusha shingo na kuinua mgongo, misuli itarudi na yale mashimo yatajaa. Tandiko lililomkaa mwezi Januari linaweza kumbana mwezi Juni. Jeshi la Uingereza lililijua hili zamani. Tandiko lake la kijeshi la mwaka 1912 lilikuwa na mbao za pembeni zinazocheza ili liendelee kukaa sawa hata farasi anapobadilika mwili kazini. Kama jeshi zima liliona umbo la mgongo halitulii, wewe na mimi hatuna sababu ya kushangaa.

Chora mgongo wake

Nenda duka la vifaa vya shule au vya wachoraji ramani uulize rula inayopinda, ile ya mpira yenye metali ndani ambayo ukiikunja inabaki ilivyo. Ukiikosa, waya mnene laini wa umeme wenye ganda la plastiki utafaa. Ulaze juu ya mgongo, kwanza vidole viwili nyuma ya ukingo wa bega, uufinyange ushike umbo pande zote mbili, kisha uuinue bila kuutikisa na uuweke juu ya karatasi ngumu. Chora kwa ndani. Fanya hivyo tena katikati ya mgongo, sehemu ya chini kuliko zote, na tena mahali pa ubavu wa mwisho. Mwisho, laza waya kwa urefu kando ya uti wa mgongo, kutoka nyuma ya kilele cha mabega hadi mwisho wa eneo la tandiko, uchore mkunjo wa mgongo wenyewe.

Andika kushoto na kulia kwenye kila mchoro, weka jina la farasi na tarehe. Ukate karatasi kwa kufuata mstari, na sasa unao mgongo wa farasi wako mkononi. Unaweza kuupeleka dukani, kuupiga picha na kumtumia fundi aliye mbali, au kuupachika ndani ya tandiko la mitumba kabla hujalipa. Baada ya miezi mitatu chora tena kwa kalamu ya rangi nyingine juu ya karatasi ile ile. Utaona mwenyewe ni wapi ameongezeka na ni wapi amepungua, na utajua kama ni tandiko linalomkondesha upande mmoja.

Weka tandiko kwenye mgongo mtupu

Siku ya kujaribu, toa vitambaa vyote. Weka tandiko mbele kidogo juu ya kilele cha mabega, kisha lisukume nyuma polepole hadi lisimame lenyewe. Pale liliposimama ndipo panapolifaa. Usilirudishe mbele kwa sababu macho yako yamezoea kuliona mbele. Halafu kagua kwa utaratibu huu:

Bega. Ncha za kiunzi, zile unazozisikia ukipapasa chini ya ngozi upande wa mbele, ziwe nyuma ya mfupa wa bega kwa upana wa vidole 2 au 3. Pembe yake ifuate pembe ya bega. Ikiwa imefunguka zaidi, uzito unaangukia juu. Ikiwa imefumba zaidi, inachoma chini.

Kilele cha mabega. Kuwe na nafasi ya vidole 2 hadi 3 kati yake na upinde wa mbele wa tandiko, na nafasi pia pembeni. Watu hupima juu wakasahau pembeni, kumbe farasi wenye kilele kirefu kama wako hubanwa pembeni zaidi. Kipimo hiki kirudiwe mtu akiwa ameketi, kwa sababu tandiko hushuka.

Mfereji wa katikati. Geuza tandiko uangalie chini. Kati ya mito miwili kuna mfereji, nao uwe na upana wa vidole 3 hadi 4 mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mpana mbele na mwembamba nyuma, uti wa mgongo utabanwa akigeuka kona.

Mito. Pitisha kiganja chini ya mto, kutoka mbele kwenda nyuma, mkono wa pili ukiwa umeshikilia tandiko kwa juu. Mgusano uwe sawasawa. Ukisikia mbele na nyuma pamebana na katikati mkono unapita wazi, tandiko limefanya daraja, na uzito wote umebebwa na sehemu nne. Ukisikia katikati pamebana na tandiko linapepea mbele na nyuma ukilisukuma, mkunjo wake umezidi wa mgongo.

Kiti. Sehemu ya chini kabisa ya kiti iwe katikati. Weka kalamu ya mviringo juu ya kiti uone inatulia wapi. Ikikimbilia nyuma, mbele pamebana sana au nyuma mito imekufa. Ikikimbilia mbele, upinde ni mpana mno na tandiko limezama mabegani.

Mshipi wa tumbo. Mikanda ya kufungia ining'inie wima pale mshipi unapokaa penyewe, nyuma ya kiwiko. Farasi wengine wana njia ya mshipi iliyo mbele sana, na mkanda uliokaa nyuma utalivuta tandiko lije juu ya bega hata kama kila kitu kingine ni sawa. Huyo anahitaji mikanda iliyowekwa mbele zaidi, au mshipi uliokatwa kwa umbo la kupinda.

Ukishamaliza, funga mshipi polepole, tundu kwa tundu, mtembeze, ongeza. Panda kwa kutumia kinyanyuo, kwa sababu kujivuta juu kwa kikuku kimoja hupinda kiunzi na kuvuta kilele cha mabega upande mmoja. Fanya kazi ya nusu saa hivi, matembezi na troti, kisha shuka, fungua mshipi, uinue tandiko juu moja kwa moja bila kuliburuta.

Hapo ndipo jasho litakapokusomea majibu. Nimewahi kuona katika banda moja farasi jike aliyekuwa amelowa jasho mgongo mzima, isipokuwa mabaka mawili makavu ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, moja kila upande, chini kidogo ya kilele cha mabega. Manyoya ndani ya mabaka yale yalikuwa yamelala kinyume, yamesukwa. Saisi alipopitisha kidole pale, jike akainua mguu wa nyuma. Hakuna aliyehitaji kipimo kingine siku ile. Baka kavu katikati ya jasho huweza kuwa na maana mbili: ama pamebanwa kiasi kwamba jasho halikutoka, ama tandiko halikugusa kabisa. Mkono wako ndio utakaoamua. Kama pana joto, pana uvimbe au pana maumivu, pamebanwa. Kama pako laini na farasi hajali, huenda ni nafasi tu.

Mitego miwili ya farasi mwembamba

Mtego wa kwanza ni kununua tandiko lenye upinde mwembamba kwa sababu farasi ana kilele kirefu. Urefu wa kilele na upana wa bega ni vitu viwili. Upinde ukiwa mwembamba kupita mabega, hauwezi kushuka mahali pake. Hukaa juu, ukainua sehemu ya mbele ya tandiko, na mpanda akatupwa nyuma kiunoni. Ndiyo maana ulisema moja linarudi nyuma. Kinachofaa ni upana ule bega linaohitaji, pamoja na upinde uliochongwa kwa juu au uliokatwa kurudi nyuma ili kupisha kilele, na mito minene zaidi upande wa mbele ili kujaza yale mashimo.

Mtego wa pili ni blanketi. Tandiko likibana, ukaongeza kitambaa kinene, umejaza nafasi ndogo iliyokuwepo na kubana zaidi. Likiwa pana, blanketi moja nene linalizidishia kuyumba. Mama anayebeba maji kichwani hukunja ngata kugawa uzito wa ndoo iliyo nzima kitako. Ndoo iliyobonyea kitako hainyooshwi na ngata, hata ikunjwe mara ngapi. Kuna kazi ya halali ya vitambaa vyenye mifuko ya kuwekea vipande vya povu, na farasi wako anaweza kufaidika navyo. Tandiko liwe pana kidogo kuliko alivyo leo, vipande viwekwe mbele pande zote mbili kujaza mashimo, na vipunguzwe kadiri misuli inavyorudi. Sharti ni kwamba ujue unajaza wapi na kwa nini, na mchoro wako uwe ushahidi.

Wale wengine walioniuliza

Mwenye farasi mdogo wa ufukweni, mnene na bila kilele cha mabega: shida yako ni kuzunguka na kuteleza mbele. Usikaze mshipi hadi akose pumzi. Tafuta kiunzi chenye upinde wa duara, si wa herufi V, na mito bapa yenye kugusa eneo kubwa. Akiwa anabeba watoto wasio na usawa, kamba ya mkiani yenye kitanzi laini itazuia tandiko kwenda mbele. Suuza chumvi na mchanga baada ya kila siku ya kazi, kwa sababu mchanga chini ya tandiko zuri hukwangua ngozi kama vile tandiko ni baya.

Mwenye farasi mzee aliyezama mgongo: tandiko lililonyooka litafanya daraja. Anahitaji kiunzi chenye mkunjo, au mito iliyojazwa katikati na fundi. Na umwulize daktari kama bado ni wa kubeba mtu. Wengine wamefika umri wa kutembezwa kwa mkono, na hilo si jambo la kuonea haya.

Mwenye farasi ambaye bega la kushoto ni nene kuliko la kulia: tandiko lipimwe kwa bega lililo nene, kisha upande mwembamba ujazwe. Ukipima kwa bega dogo, lile kubwa halitapata pa kupita.

Ukienda kununua

Matandiko mengi tunayoyaona Kenya ni ya mtindo wa Kiingereza, na mengi hununuliwa mitumba. Mji wa Walsall, Uingereza, ni maarufu kwa kazi hiyo hata klabu yake ya soka huitwa The Saddlers, lakini muhuri wa mji mkubwa hauna maana kama kiunzi kimevunjika. Shika tandiko, kitako cha nyuma kikiegemea tumbo lako, vuta upinde wa mbele kuja kwako. Kiti kinaweza kujikunja kidogo kama kiunzi kina vyuma vya kunepa, ila kisilie wala kisikunjike upande mmoja. Kisha shika pande mbili za upinde wa mbele ujaribu kuzifungua na kuzifumba. Zisitikisike hata kidogo. Zikitikisika, rudisha, hata kama ni bei ya kutupa. Angalia mishono ya mikanda ya mshipi, hiyo ndiyo inayoshikilia uhai wako. Bonyeza mito: sufu iliyojiviringisha mabonge inaweza kutolewa na kujazwa upya na fundi anayejua kazi, sufu mpya hushuka katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo irudiwe kukaguliwa. Mito ya povu haijazwi upya kwa njia hiyo.

Kwa farasi anayebadilika mwili kama wako, mimi ningechagua tandiko la sintetiki lenye upinde wa kubadilishwa kuliko la ngozi ghali lenye upana mmoja. Wintec, kwa mfano, hutengeneza pinde zenye rangi kulingana na upana: ya njano ni nyembamba, nyeusi ni ya wastani, nyekundu ni pana. Unafungua skrubu, unabadilisha, unarudisha. Ni jepesi na linasafishwa kwa maji. Kumbuka tu kwamba unabadilisha upana wa mbele peke yake. Mkunjo wa kiti, mfereji na mito vinabaki vilevile, kwa hiyo ukaguzi wote ule wa juu bado ni wajibu. Na usilipe kabla ya kujaribu. Muuzaji mwenye nia njema atakupa siku chache kwa dhamana, ukilitumia juu ya kitambaa safi. Asiyekubali farasi wako aguswe na tandiko kabla ya pesa, muage kwa heri.

Fundi wa viatu wa mtaani kwako anaweza kushona mkanda uliofumuka vizuri sana. Kiunzi asikiguse. Kiunzi kilichovunjika hakigundishwi.

Na sisi wapandaji

Nitalisema hili kwa upendo. Wengi wa wenye farasi hutumia kanuni ya asilimia 20: uzito wa mpanda, tandiko na kila kitu usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na kwa farasi aliyekonda au asiye na misuli uwe chini ya hapo. Farasi wa kilo 450 basi abebe kilo 90 kwa jumla. Si kipimo cha uzuri wa mtu, ni kipimo cha mgongo wa mnyama. Vilevile kiti kitoshe mapaja yako. Kikiwa kidogo utaketi kwenye ukingo wa nyuma, na uzito wako wote utaangukia mwisho wa mito. Na kama unaegemea upande mmoja, tandiko bora kuliko yote litaegemea nawe. Mwombe mtu akupige picha kwa nyuma ukiwa katika troti, uone mwenyewe.

Mdogo wangu, kwa wiki zijazo fanya hivi: daktari kwanza, kisha mchoro wa mgongo, kisha mazoezi bila tandiko huku ukitafuta lenye upinde wa kubadilishwa na mito minene mbele. Usimpande kwa matandiko haya yanayomuumiza, hata kwa dakika kumi, hata kama kuna mashindano.

Na kwa wenye farasi wote nawaomba jambo moja. Saisi ndiye anayempiga farasi brashi asubuhi na jioni. Ndiye anayejua ni lini alianza kukwepa mkono, ni upande gani unaovimba, ni mpanda yupi anayemrudisha akiwa na kidonda. Katika mabanda mengi hakuna anayemuuliza, na akisema huambiwa kazi yake ni kusafisha. Mnunulieni daftari la kuandikia hali ya mgongo kila siku, mfundisheni kuchora kwa waya, na mpeni haki ya kusema "leo asitandikwe", neno lake liheshimiwe na mwenye farasi, mwalimu na mgeni aliyelipa. Siku saisi atakapokuwa na haki hiyo, farasi wengi wanaoitwa wakorofi wataacha kuuzwa.